Tunahamasishwa tule samaki wa kwetu. Huyo samaki wa kwetu tunampata wapi?

#1 Kambale Mkavu
Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mkazi wa Dodoma. Nanenane iliyopita nilizunguka viwanja vya Nzuguni nikaingia banda moja la mambo ya uvuvi. Mabango safi, tangi la kioo lina sato wawili wamenuna, kijana wa fulana mpya anatoa somo: Mtanzania anakula samaki kama kilo 8.5 kwa mwaka, wastani wa dunia ni kama kilo 20, kwa hiyo ndugu wananchi tuongeze. Samaki wa bahari ana madini joto, anajenga ubongo wa mtoto, anasaidia moyo wa mzee. Nikakubali kila neno.

Nikatoka pale moja kwa moja hadi sokoni kutekeleza. Nilichokuta ni kibua wa boksi kutoka nje ya nchi, sato wa Ziwa Victoria aliyeganda, na dagaa. Nikaulizia changu, tasi, jodari. Muuzaji akaniangalia kama nimeomba nyama ya twiga. Jodari nilikuja kumkuta dukani, yumo ndani ya kopo limeandikwa Thailand.

Tuna pwani ya kilomita 1,424 na ukanda wa bahari wa kiuchumi wa zaidi ya kilomita za mraba 220,000. Sasa hizi kampeni zinamnadi samaki gani, na yuko wapi? Nawasilisha.

#2 Kitochi
Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

#3 Nahodha Mstaafu
Kambale, nimevua Mafia na Kilwa mpaka magoti yakagoma. Usitafute mchawi, mchawi ni barafu.

Chombo kinatoka alasiri, kinarudi alfajiri. Barafu imetoka mjini kwenye viroba vilivyofunikwa maranda, ikifika ufukweni sehemu yake imeshakuwa maji. Ile iliyobaki unawawekea nguru na kolekole, kwa sababu hao ndio wenye pesa. Changu na pono wanalazwa chini chomboni, juu yao gunia lililoloweshwa maji ya chumvi. Jua likipanda kidogo jicho la samaki linaingia ukungu, matamvua yanaacha wekundu yanakuwa kahawia. Mchuuzi hasemi kitu, anafunua shavu kwa kidole, anaangalia, anakukata bei. Samaki huyo atafika Dodoma? Huyo anakaangwa hapohapo au anapigwa chumvi anakuwa ng'onda.

Nipe mtambo wa barafu ufukweni na umeme usiokatika, hiyo fulana ya kampeni mpe mtu mwingine avae.

#4 Mchumi Uchwara
Nahodha, nakuheshimu, ila barafu ni dalili. Ugonjwa ni tajiri.

Mvuvi hana mashine wala nyavu wala mafuta. Tajiri anampa vyote. Chombo kikirudi, kwanza zinatolewa gharama: petroli, barafu, chakula. Kinachobaki kinakatwa, sehemu ya chombo na sehemu ya mabaharia. Halafu samaki lazima auzwe kwa tajiri yuleyule, kwa bei anayoitaja yeye, maana deni la mwaka jana bado liko daftarini. Kutoka hapo samaki anapita kwa dalali, mchuuzi wa jumla, mwenye gari, muuzaji wa sokoni, ndipo akufikie wewe. Serikali ikihamasisha ulaji, bei inapanda juu kule. Chini kwa mvuvi haishuki hata shilingi.

#5 Mama Ng'onda
Nyie wanaume mnaongea habari za samaki kama vile mnaowaparua magamba ni nyie.

Mimi nachukua mzigo Feri, soko la samaki la Dar, alfajiri, nakaanga, nauza mtaani. Huyo dalali mnayemtukana ndiye anayenifanya nipate samaki. Samaki wanamwagwa mafungu mafungu juu ya meza ya saruji, dalali anaanza kuimba bei, matajiri wamesimama kama hawamsikii. Mmoja ananyanyua nyusi, bei imepanda. Mwingine anagusa kofia, imepanda tena. Ukiwa mgeni unaona kila mtu katulia, kumbe fungu limeshauzwa. Na hapo mvuvi analipwa papo hapo, anarudi kwao. Mwondoeni dalali muone nani atakaa na mzigo wa samaki jua linawaka anasubiri mteja mmoja mmoja.

Mnachosahau nyote ni mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, wa dagaa wanakaa nyumbani wanashona nyavu, maana taa haivuti dagaa mwezi ukiwa mpevu. Kusi ikivuma kuanzia Mei huko, vyombo vidogo havitoki. Kampeni yenu imewahi kuangalia mwezi? Wanakuja kutuhimiza tule samaki siku ambayo hata paka wa Feri wanalala njaa.

#6 Kitochi
Mama Ng'onda umeua 😂

#7 Ngosha wa Kirumba
Watu wa pwani mnapenda kuteka mada. Zaidi ya asilimia 80 ya samaki wanaovuliwa nchi hii ni wa maji baridi. Samaki wa kwetu ni sato, sangara, furu, migebuka, dagaa wa Mwanza na wa Kigoma. Kambale kamkuta sato sokoni halafu analalamika hakukuta samaki wa kwetu! Sato ni raia wa Burundi?

Tukija kwenye hoja, huku kwetu barafu ipo, viwanda vipo, barabara ipo. Mbona sangara mzuri bado hatumuoni mezani? Kwa sababu anapelekwa nje. Minofu inakwenda Ulaya, mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki, yanakwenda China na Hong Kong, na kilo moja ya mabondo inaizidi bei ya minofu mbali sana. Kwetu yanabaki mapanki, kichwa na mifupa ya kukaanga. Mwaka 1999 Ulaya walipozuia minofu kwa hofu ya sumu kwenye uvuvi, bei iliporomoka ufukweni, na nakumbuka nyumbani tulikula sangara mzima, mwenye nyama zote. Zuio likaondoka, na sangara naye akaondoka.

Kwa hiyo tatizo ni soko la nje. Tajiri na barafu ni hadithi za baharini.

#8 Nahodha Mstaafu
Ngosha, huyo sato wenu anafika Dodoma kwa sababu kagandishwa. Kwa barafu. Umenisaidia hoja, asante.

#9 Bin Kojani
Asalaam alaykum jamaa.

Mie nipo Pemba. Hapa serikali yetu tangu 2020 ina wizara nzima ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, wavuvi wamepewa maboti ya mkopo, na wenzetu wa mwani pia. Samaki wanavuliwa, si kwamba hawavuliwi. Lakini jodari, nguru na kamba wakishaletwa, wa kwanza kupiga simu ni mahoteli ya Unguja. Mgeni analipa kwa dola, wewe mwenye watoto sita utashindana naye? Sisi tunabaki na tasi na kibua, alhamdulillah, tasi mtamu.

Na dagaa wetu mchele, wakishachemshwa na kuanikwa, wanapakiwa magunia kwenda Kongo. Kuna Wakongo wanakuja wenyewe kununua. Nyie mnasema samaki wa bahari hafiki bara, kumbe anapita barabarani mbele yenu anakwenda Lubumbashi. Dodoma hamna habari.

#10 Kambale Mkavu
Bin Kojani hiyo ya Kongo imenigusa pabaya. Kumbe anaweza kusafiri, sema hashuki hapa.

Ngosha, sato ni raia mwema, sina ugomvi naye. Ila pale bandani tangazo liliandikwa samaki wa bahari, mimi nikadhani kuna bahari.

#11 Jembe la Mkono
Watu mmesahau haraka. Kampeni bora ya samaki nchi hii ilifanywa na Magufuli peke yake, 2010, alipokamata meli ya Wachina ina tani 500 za jodari akatugawia bure. Hospitali zikala, magereza yakala. Huyo ndiye aliyenadi samaki wa kwetu, wengine wanapiga picha.

#12 Kumbukumbu
Jembe, punguza chumvi.

Meli ni Tawariq 1. Ilikamatwa Machi 2009, siyo 2010. Samaki walikuwa karibu tani 300, siyo 500. Mabaharia walikuwa wa mataifa mengi. Magufuli wakati huo alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, na samaki waligawiwa kweli kwa hospitali, shule, magereza na kwingineko, ndipo likazaliwa jina "samaki wa Magufuli". Ulichoacha ni mwisho wa kesi. Mahakama Kuu iliwatia baadhi yao hatiani 2012, Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu hiyo 2014, na wakati huo samaki walishaliwa zamani na meli ilishakuwa chuma chakavu.

#13 Jembe la Mkono
Sawa mwalimu wa historia. Lakini wewe ulikula au hukula?

#14 Kumbukumbu
Nilikula. Nilikuwa shule ya bweni. Mpishi hakujua jodari anapikwaje, akamchemsha kama maharage. Darasa zima liliapa kutomgusa tena, na ninao marafiki mpaka leo wanaamini jodari ni samaki mkavu mwenye ladha ya karatasi. Kama ile ilikuwa kampeni, kwetu ilirudisha soko nyuma.

#15 Singida Mjini
Kumbukumbu umegusa kitu ambacho nyote mnakikwepa. Watu wa bara wengi hawawataki hao samaki wa bahari. Kwetu bibi alikuwa haruhusu samaki kuingia jikoni, akisema ni nyoka wa majini. Mama akajifunza kula dagaa mjini, mimi nakula sato. Papa mkavu akiletwa ndani nyumba nzima inahama. Sasa mnataka mtu alete kontena la changu hapa amuuzie nani? Mfanyabiashara siyo mjinga, angeona soko angeleta.

Hoja ya barafu, ya tajiri, ya Ulaya, zote zinachukulia kwamba mlaji yupo anasubiri na sahani. Hayupo. Kwa hiyo kampeni ya ulaji iko sahihi kabisa, na Kambale ni mtu mmoja tu mwenye hamu zake.

#16 Mama Ng'onda
Singida, mlaji hazaliwi, anafundishwa kwa kuonjeshwa. Mimi nikihamia mtaa mpya siku ya kwanza nagawa vipande kwa watoto. Kesho yake mama zao wanakuja na bakuli. Kwenye hayo mabanda ya maonyesho wanagawa vipeperushi.

#17 Mwana wa Vanga
Hamjambo majirani, niko Kwale, Kenya.

Nyinyi mna afadhali. Huku 2009 serikali iliamua kuchimba mabwawa ya samaki, mia mbili kila jimbo la uchaguzi, majimbo 140. Watu wakahimizwa wafuge na wale. Mengi yakakauka au yakawa ya bata. Baadaye soko likajaa tilapia wa kutoka China, bei rahisi kuliko wa ziwani, mpaka 2018 rais akalizungumza hadharani na wavuvi wa Kisumu wakashangilia. Kelele zikapoa, boksi likarudi.

Huku pwani anayelisha watu ni mama karanga, yule mama anayenunua samaki wadogo kwa mvuvi, anawakaanga, anauza jioni kando ya barabara. Mipango ya serikali ikija inakuja na friji kubwa ya kikundi, na friji ikifika anayeitumia ni mwenye samaki wakubwa wa hoteli. Mama karanga hahitaji friji, samaki wake hawalali. Anahitaji mafuta ya kupikia yashuke bei.

Na wavuvi wa msimu wengi huku ni Wapemba wanaokuja dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi ya muda. Bin Kojani, jamaa zako wanatumalizia samaki.

#18 Bin Kojani
Hawamalizi, wanawafunza kuvua.

#19 Afisa wa Kando
Natumia jina la kificho kwa sababu zinazoeleweka. Nipo kwenye sekta.

Kwanza, mnachanganya mambo mawili. Kuna kuongeza ulaji na kuna kuongeza uvuvi. Kampeni ya ulaji ni vipeperushi, redio na maonyesho, ndiyo maana mnaiona kila mahali, gharama yake ndogo. Kuongeza uvuvi kunahitaji mabilioni. Bandari ya uvuvi Kilwa Masoko, Rais Samia aliweka jiwe la msingi Septemba 2023, ni mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. TAFICO, shirika la uvuvi la serikali, ilianzishwa 1974, ikaja kuuawa enzi za ubinafsishaji, sasa imefufuliwa. Boti za mkopo usio na riba zimegawiwa, pale Mwanza Januari 2024 pamoja na vizimba vya kufugia samaki. Hivi vitu haviwezi kuonekana sahanini kwa Kambale Nanenane hii.

Pili, jodari. Anakaa mbali, bahari kuu. Ngalawa haimfikii, isipokuwa anapojisogeza mwenyewe. Meli zinazomvua ni za wageni wenye leseni, na meli isipokuwa na bandari ya kushushia hapa, inashusha kwingine. Ndiyo maana unamkuta amerudi ndani ya kopo.

Tatu, na hapa nasema langu binafsi: tunamnadi samaki asiye sahihi. Bango lina picha ya nguru aliyekatwa vipande vizuri. Tungeweka picha ya dagaa. Hahitaji barafu, anauzwa kwa kisado, mtoto anamla na mifupa.

#20 Mchumi Uchwara
Afisa, hilo la tatu nakuunga mkono, la kwanza sikubali. Boti mpya bila kugusa deni la tajiri ni kumpa mvuvi chombo cha pili cha kudaiwa. Riba hakuna, lakini boti ikiharibika mashine anakwenda kukopa wapi? Kwa yuleyule.

#21 Ngosha wa Kirumba
Dagaa mnaomsifia huyo, nendeni soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, muone magari yanayopakia. Rwanda, Burundi, Kongo, Uganda. Halafu dagaa wa daraja la chini, aliyeanikwa kwenye mchanga wakati wa mvua, anakwenda kuwa chakula cha kuku. Kuku anakula dagaa kuliko mtoto wa shule.

#22 Mjukuu wa Ujiji
Na Tanganyika je? Ziwa lilifungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Nilikuwa napinga kwa sauti kubwa. Lilipofunguliwa migebuka walikuja wengi kwa siku za mwanzo, sasa mimi na jirani yangu mvuvi tunabishana kama ni faida ya kufunga au ni msimu wenyewe tu. Yeye anasema msimu. Ila katika hiyo miezi mitatu Kigoma tulikula nini? Kibua wa boksi. Mtu wa Ujiji anakula kibua wa boksi, jamani.

#23 Shemeji wa Muttrah
Nipo Muscat. Huku nguru, wenyewe wanamwita kanadi, anafungwa kila mwaka 15 Agosti hadi 15 Oktoba, na hakuna anayebishana. Ukikutwa naye sokoni unashitakiwa. Lakini Oman wana barabara, magari ya baridi na watu wachache. Siwezi kusema tuige tu hivi hivi.

#24 Jembe la Mkono
Kukutwa naye unashitakiwa, hata sisi tulifanya. Mmesahau 2018 watu walivyoingia mgahawa wa Bunge na rula kupima sangara?

#25 Kumbukumbu
Sato, Jembe. Kipimo cha sato ni sentimita 25. Sangara wakati huo alikuwa kati ya 50 na 85.

#26 Jembe la Mkono
Wewe jamaa unaishi kwenye uzi huu?

#27 Nahodha Mstaafu
Mnacheka rula, ila hapo ndipo samaki walipoishia. Nilipokuwa kijana, mwamba ukiupigia mshipi jioni unarudi na chewa wa kubeba begani. Halafu wakaja watu wa baruti. Bomu moja linaua samaki wakubwa, wadogo, mayai na mwamba wenyewe unabaki kifusi. Miaka mingi pwani hii ilikuwa inalia mabomu asubuhi kama ngoma ya harusi. Yamepungua sasa, nakiri. Lakini mwamba hauoti kama mchicha. Kambale anauliza changu yuko wapi, changu nyumba yake ilibomolewa.

#28 Mchumi Uchwara
Nahodha juzi ulisema barafu.

#29 Nahodha Mstaafu
Barafu ni kwa ajili ya wale waliobaki.

#30 Bin Kojani
Kuna vijiji Pemba, Kisiwa Panza mfano, wanafunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, siku ya kufungua kijiji kizima kinashuka bahari ikitoka, wanawake na vijiti vyao. Pweza wanakuwa wakubwa kweli. Lakini siku hiyo gari la mnunuzi limeshaegeshwa tayari, na pweza huyo safari yake ni Italia au Hispania. Kwa hiyo hata mkilinda mwamba, Ngosha atawaambia soko la nje.

#31 Ngosha wa Kirumba
Nimeshawaambia.

#32 Kambale Mkavu
Asanteni wakuu, nimejifunza ingawa sijashiba. Mama Ng'onda, swali la vitendo: nikikutumia pesa, unaweza kuniwekea changu na tasi kwenye boksi la barafu, ukanipakilia basi la asubuhi? Jioni nitakuwa stendi.

#33 Mama Ng'onda
Naweza. Boksi jeupe la foma, barafu chini, samaki aliyeshatolewa matumbo, barafu juu, utepe wa gundi kuzunguka mfuniko mara nyingi. Ila kondakta wengi wanakataa, maji yakivuja yananusa basi zima. Wengine wanakubali ukiongea nao vizuri. Na njiani kuna geti watakuuliza kibali.

#34 Afisa wa Kando
Mazao ya uvuvi ya biashara yanahitaji kibali cha kusafirishia. Kitoweo cha nyumbani hakina shida.

#35 Mchumi Uchwara
Kitoweo kinaishia kilo ngapi?

#36 Singida Mjini
Nilisimamishwa geti moja nikiwa na ndoo ya dagaa wa kula na watoto. Aliyenisimamisha alisema ni biashara kwa sababu ndoo ina mfuniko. Sitaji geti gani.

#37 Mama Ng'onda
Basi Kambale funga kwa kitambaa.

#38 Kambale Mkavu
Nimekutumia ujumbe wa faragha, mama. Weka na jodari kama kajisogeza mwenyewe.

#39 Mama Ng'onda
Nimeuona. Wiki hii mwezi ni mpevu na kusi imekaza, bei iko juu. Subiri giza.